Jedwali Ndani ya Jedwali

Katika hifadhidata ya majedwali, kisanduku kimoja hubeba thamani moja tu. Sharti hilo, liitwalo umbo la kwanza la kawaida, lina asili yake katika kazi ya Edgar F. Codd wa IBM, aliyoichapisha mwaka 1970. Mwaka 1977 Akifumi Makinouchi wa Japani alipendekeza lilegezwe, ili kisanduku kiweze kubeba jedwali dogo. Tangu hapo swali limekuwa: kipi kipachikwe ndani ya kipi?

Jibu hutokana na utegemezi wa thamani nyingi. Mwalimu Asha hufundisha Hisabati, Fizikia na Kemia, na huzungumza Kiswahili na Kiingereza. Masomo hayahusiani na lugha. Yote mawili humtegemea Asha. Katika jedwali bapa, kila somo hulazimika kuoanishwa na kila lugha, hivyo mistari huwa 6. Asha akijifunza Kifaransa, mistari 3 huongezwa. Mmoja ukisahaulika, jedwali huanza kusema uongo. Umbo la nne la kawaida, lililotolewa na Ronald Fagin mwaka 1977, huyatenganisha mambo hayo katika majedwali mawili, lenye mistari 3 na lenye mistari 2. Upachikaji hufika mahali hapohapo kwa njia nyingine: mstari mmoja wa Asha, wenye seti ya masomo na seti ya lugha.

Hata hivyo, si kila upachikaji unafaa. Ikiwa vitabu vya kiada hupangwa kwa kila somo, bila kujali mwalimu, kuvipachika chini ya masomo ya Asha ni kosa. Walimu watano wa Hisabati wataandikiwa orodha ileile mara tano, na kitabu kikibadilishwa, orodha zote tano zitahitaji kurekebishwa. Vitabu hustahili jedwali lao, ambalo shina lake ni somo. Z. Meral Özsoyoğlu na Li-Yan Yuan waliiweka kanuni hii mwaka 1987 katika umbo la kawaida la majedwali yaliyopachikwa. Muundo huchorwa kama mti. Kila tawi sharti liwakilishe utegemezi wa kweli, na lisitegemee sehemu tu ya yale yaliyo juu yake.

Sharti jingine huhusu funguo. Asha akiwa na mstari mmoja wenye Hisabati na mwingine wenye Fizikia, kupachua (kulirudisha jedwali kuwa bapa) kisha kupachika upya huleta mstari mmoja, na mgawanyo wa awali hupotea. Mark Roth, Henry Korth na Abraham Silberschatz walilishughulikia tatizo hili mwaka 1988: katika kila ngazi, thamani zisizo majedwali ziwe ufunguo, yaani Asha aonekane mara moja tu. Hapo data hupachuliwa na kupachikwa tena bila kubadilika.

Kipimo hichohicho hufaa kwa nyaraka za JSON: orodha ya ndani ibaki ndani ikiwa ni mali ya mwenye waraka; ikiwa ni mali ya kitu kingine, itolewe.