Ushindi unaanzia chini ya gari

Juma lililopita, kisha mkutano wa kikundi, mama mmoja alitufuata mpaka mlangoni. Binti yake amemaliza mwaka wa nane na anataka kuingia shule ya ufundi, sehemu ya mekanika. Mama akatuambia: "Mwalimu, umwambie aache. Mtoto msichana atalala chini ya gari namna gani? Akasome kushona."

Tunakiri mbele yenu: mtoto huyo alipotuuliza shuleni, sisi wenyewe tulimjibu vile vile. Lakini safari hii tulitaka kwanza kuuliza mtu anayeijua kazi. Tukaenda na mama na binti kwa mzee mmoja wa mtaa wetu. Leo anatengeneza magari ya watu chini ya mti wa avoka. Zamani, alipokuwa kijana, alifanya kazi katika garaji moja ya Kampala, wakati mashindano ya Safari Rally yalikuwa yakipita Uganda.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika siku za Pasaka, katika mvua nyingi. Madereva walikimbiza magari kilometa maelfu, mchana na usiku, katika matope, mawe na mito iliyojaa. Wenye kupita barabara ya Bukavu kwenda Shabunda wakati wa mvua wanaelewa. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yalifika tena 7 tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, gari ambalo baba zetu walilijua vizuri.

Mzee alituambia: "Watu walikuwa wanaangalia dereva. Sisi tulikuwa tunaangalia chini ya gari." Wiki nyingi mbele ya safari, mafundi walifungua gari karibu lote. Mahali ambapo bodi inaweza kupasuka, walichomelea chuma cha kuongeza nguvu. Chini ya injini walifunga bamba nene la kuzuia mawe. Waliongeza taa kubwa mbele, wakapakia majembe, kamba na magurudumu ya akiba.

Kazi yake ya kwanza haikuwa kushika injini. Ilikuwa kuosha vipande na kupitisha kidole polepole, akitafuta ufa. Ufa mdogo kama unywele, ukiachwa garajini, unavunja gari usiku porini. Bosi wake alikuwa anaosha tena kipande kile kile ili aone kama kijana amesema kweli.

Siku ya mashindano, mafundi walitangulia na kungojea kando ya barabara. Walitandika turubai, wakapanga funguo moja moja ili mkono uzipate hata gizani. Gari lilipofika, kila mtu alijua kazi yake: huyu magurudumu, huyu mafuta, huyu amotisere, huyu kumpa dereva chai. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu dakika walizotumia zilihesabiwa juu ya dereva.

Tulimwuliza kama kazi hiyo inadai nguvu za mwanaume. Alicheka. "Kitu kizito tulikiinua kwa kriki, si kwa kifua."

Fikirini Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kenya. Alijifunza umekanika katika garaji ya baba yake mbele ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant, katika gari la Volvo ambalo wengine walikuwa wamekwisha kulitumia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Mara 22 aliondoka katika mashindano hayo, na mara 19 alifika mwisho. Hiyo si bahati tu. Ni mtu aliyejua gari lake linaumwa wapi.

Na wanawake? Mwaka 1961 Anne Hall wa Uingereza alichukua nafasi ya tatu. Mwaka uliofuata Pat Moss naye akawa wa tatu. Mwaka 1983 Michèle Mouton wa Ufaransa, pamoja na mwenzake Fabrizia Pons wa Italia, walipata nafasi hiyo hiyo. Barabara haikuwauliza kama ni wanawake.

Mama yule alisikiliza yote, kisha akasema: "Mzee, nguvu si shida yangu. Shida yangu ni wanaume wa garaji." Hapo sote tulinyamaza. Woga huo ni wa kweli, na sisi walimu hatuna haki ya kuucheka. Mzee akajibu: "Mama, lete meza yako ya mandazi hapa, uuzie karibu na mti. Utamwona mtoto wako saa zote."

Tukapatana hivi: wakati wa likizo, asubuhi tatu kila juma, mbele ya macho ya mama. Mwezi wa tisa yeye na baba wataamua.

Wamama wenzetu, mbele ya kumchagulia mtoto sehemu ya masomo, mwulizeni kwanza yeye mwenyewe anapenda nini. Nendeni mkaone mahali pa kazi kwa macho yenu. Mkiwa na woga, semeni woga wenyewe, msiufunike kwa neno "msichana hawezi". Sisi tulilisema neno hilo kwa haraka, na tumemwomba mtoto msamaha.

Siku ya kwanza binti alirudi nyumbani na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameosha vipande tu, asubuhi nzima. Mama yake hakusema neno. Alimwekea maji na sabuni, akakaa karibu, akamwuliza: "Ule ufa, mnautafuta namna gani?"