Gita Huchaguliwa kwa Mkono, Si kwa Macho

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nimewafunza wanafunzi wangu kwa miaka mingi, kumbe mimi mwenyewe sikuwa nimeielewa. Niliielewa siku moja ya soko mjini Kagio, katika Kaunti ya Kirinyaga, baina ya magunia ya mchele wa Mwea na makreti ya nyanya.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alitamani sana kujifunza kupiga gita. Nilimnunulia moja jeusi lililometameta, lenye nyuzi za chuma. Baada ya majuma matatu alilitundika ukutani. Vidole vilikuwa vimechubuka na kiwiko cha mkono kikimuuma. Nami, badala ya kuuliza sababu, nilimwambia kuwa hana kipawa. Naona haya kuyaandika hayo.

Siku hiyo sokoni tulimkuta mzee mmoja muuza mitumba, aliyekuwa na gita kuukuu la nyuzi za nailoni. Binti alipoinama kulitazama, mzee akamwambia, "Usilitazame, mjukuu wangu. Lishike."

Akamwonyesha namna ya kuweka kidole gumba nyuma ya shingo ya gita, katikati, bila kukifumbata. Akamtaka abonyeze uzi ulio mbali zaidi, karibu na kichwa. Ikiwa kiwiko kinapinda kwa shida, shingo ni nene mno kwa mkono huo. Kisha akapitisha kiganja ukingoni mwa shingo kuona kama ncha za vyuma zinakwaruza, akafumba jicho moja na kuichungulia shingo kutoka kichwani kama seremala achunguzaye ubao. Iliyopinda, alisema, haifai hata ikitolewa bure.

Wasomaji wapenzi, nailoni hailemei vidole kama chuma, kwa kuwa mvutano wake ni mdogo. Lakini nailoni peke yake si dawa. Shingo ya gita la aina hiyo huwa na upana wa takriban milimita 52 pale nyuzi zinapoanzia kichwani, ilhali ya gita la nyuzi za chuma huwa kama milimita 43. Mwenye vidole vifupi hana budi kutafuta shingo iliyo nyembamba kwa unene, au gita la robo tatu, ambalo nyuzi zake ni za karibu sentimita 58 badala ya 65. Na asithubutu kulifunga nyuzi za chuma: zitaikunja shingo na kung'oa daraja.

Hapa ndipo penye hoja yangu kwa walimu wenzangu. Shule nyingi zina gita moja tu, nalo hushikwa na kila mkono, mkubwa kwa mdogo. Anayeshindwa huambiwa hana muziki ndani yake, akaondoka akiamini hivyo maisha yake yote. Je, tumewapoteza wangapi kwa njia hiyo?

Tulilinunua lile gita kuukuu. Jioni hiyo nilimwomba mpwa wangu radhi. Alitabasamu tu, akasema, "Haidhuru, mjomba," kisha akaendelea kupiga.