"Cook": Neno la Jikoni Lililomkosesha Beshte Yangu Mboka

Niko na beshte hufanya mboka za mtandao, zile za kupanga hesabu za watu wa majuu. Juzi alikesha na Excel mpaka saa tisa usiku, kazi ikatoka safi. Kwa furaha akamwandikia klayenti wake, mzee fulani wa Uingereza: "I cooked those figures." Asubuhi akapata jibu fupi: kazi isimame, malipo yangoje uchunguzi.

Msee aliduwaa. Kwani alisema nini mbaya?

Shida ni kwamba "cook" inaweza kukusifu, kukuzika ama kukufikisha kortini. Wacha tuichambue.

Mzizi wake ni Kilatini, "coquus", yaani mpishi. Waingereza walilichukua zamani sana likawa "coc". Cheki maajabu: kwao mpishi ndiye alitangulia, kitendo kikafuata kama karne ya 14. Kwetu tunatoa mpishi kwa pika, wao walitoa pika kwa mpishi. "Fry", "boil" na "roast" nazo zilitoka kwa Kifaransa, lugha iliyoingia kwa nguvu baada ya Wanormani kuteka Uingereza mwaka wa 1066.

Hata biskuti ya chai ni ya ukoo huo. Inatoka kwa maneno ya Kilatini ya "kupikwa mara mbili", ndio maana ni kavu. Lakini "cookie" si ndugu yao, hiyo ni ya Waholanzi na maana yake ni keki ndogo.

Sasa tuje kwa moto. Tangu karne ya 17, Waingereza hutumia "cook" kumaanisha kuchakachua, hasa vitabu vya hesabu. Hapo tunaelewana nao kabisa, si hata sisi husema takwimu zimepikwa? Na wale wa kupika majungu unawajua, wako kwa kila ofisi na kila ploti. Hii ndiyo maana yule mzee alisikia.

Beshte yangu naye alikuwa anawaza ile ya vijana, "let him cook": mwache afanye vitu zake, usimwingilie. Anayepewa sifa sana kwa kuieneza ni Lil B, rapa wa Berkeley, California, aliyekuwa na densi ya kukoroga hewa kama sufuria, miaka ya 2010 hivi. Mwaka wa 2020 mafans wa Seattle Seahawks wakaikamata, wakidai Russell Wilson aachiliwe arushe mpira atakavyo.

Halafu kuna "I'm cooked": nimeisha, sina form. Hapa ndio ujue tofauti. Anayepika ameshika mwiko, aliyepikwa yuko ndani ya sufuria.

Lakini usitafsiri moja kwa moja. Kwa Kiswahili, mtu akiambiwa amepikwa akapikika, hiyo ni sifa kubwa: amefunzwa vizuri. Kwa Kiingereza cha vijana, huyo huyo ashazikwa.

Rada ni hii. Ukisikia mtu "anacook" na hakuna kitu kimetajwa, hiyo ni sifa. Kikitajwa chakula, leta sahani. Zikitajwa namba, matokeo ama vitabu, hiyo ni wizi. Na kama unamwandikia mtu mwenye ameshika ganji yako, sema tu umemaliza kazi.

Beshte alituma kila faili kuonyesha namba zilitoka wapi. Mzee akakagua, akaridhika, akalipa mpaka senti ya mwisho. Lakini kazi ingine hajawahi mpea. Maneno manne tu ya Kiingereza yalitosha kumtia shaka, na shaka haina risiti ya kuirudisha.