Mashine Haina Sikio

Huko Marekani, mwaka 2001, ilitolewa filamu fupi iitwayo Pipe Dream. Ndani yake hamna mtu hata mmoja. Mabomba yanarusha vipira hewani. Kila kipira kinashukia uzi, ngoma au kibao cha marimba, na papo hapo sauti yake inasikika. Mtazamaji aweza kuapa ya kuwa vipira ndivyo vipigavyo muziki.

Sivyo. Muziki ulitangulia. Wayne Lytle wa kampuni ya Animusic aliutunga kwanza na kuuweka katika MIDI, yaani mapatano ya mwaka 1983 ambayo kwayo ala na kompyuta hupashana habari. MIDI haichukui sauti. Huchukua amri: noti gani, ianze lini, ipigwe kwa nguvu gani, iachwe lini. Programu yake Lytle, MIDImotion, husoma amri hizo na kuzigeuza kuwa mwendo wa picha. Ikiwa kipira chahitaji sekunde moja kuifikia ngoma, hapana budi kirushwe sekunde moja kabla ya ngoma kulia. Hesabu hiyo hupigwa kwa kila noti. Kompyuta haisikii muziki wala haiupendi. Hutii kanuni alizoandika mtu.

Lakini tutazame yaliyofuata. Filamu ilipoenea kwa barua pepe, uvumi ulizuka: ati ile ni mashine halisi, iliyoundwa kwa vipuri vya mitambo ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Iowa, kwa kazi ya saa zaidi ya 13,000. Watu walistaajabu na kusifu. Yote yalikuwa uongo.

Huenda msomaji akauliza, uvumi kama huo wamdhuru nani? Wamdhuru mfanyakazi. Walisifiwa mafundi wasiokuwapo, na waliotoa jasho wakasahauliwa. Twaiheshimu upesi kazi ya nyundo na spana, kwa kuwa twaiona. Bali kazi ya kuketi, kupiga hesabu, kujaribu, kufuta na kuanza tena, twaidhania kuwa mchezo wa mashine.

Mwaka 2011 kampuni ya Intel ilionyesha mashine ya kweli iliyoundwa kwa kuiga filamu hiyo, yenye kurusha vipira na kupiga muziki. Hata chuma hakikuweza kuikwepa hesabu ile ile: kipira kitoke kwanza, ndipo sauti ifuate.

Siku hizi zipo programu nyingi ambazo humpa mtu picha za kucheza na wimbo wake kwa kubonyeza mara moja tu. Ni jambo jema. Lakini tusikiapo watu wakisema kwamba kompyuta imefanya yote yenyewe, tuulize ni nani aliyeifundisha, na je, amelipwa haki yake? Wahenga walikwisha kutuambia: ukiona vyaelea, vimeundwa.