WANASEMA NI KOPI YA BEATLES, MIMI NIMEZIMIKA NAO HIVYO HIVYO!

Wiki hii mtanisamehe, sichongi habari za nani kamfumania nani. Nataka kutoboa siri yangu mwenyewe. Mimi, mtoto wa Temeke, nimezimika na bendi ya wazungu. Tena wazungu wa magitaa, nywele zimewafunika masikio. Wanaitwa Oasis.

Kijiweni nikiwataja, masela wanacheka mpaka chai inawatoka puani. "Wewe umedata," wananiambia, "hata maneno yenyewe nusu huyajui." Kweli, Kiingereza changu cha fomu foo kuna mahali kinakwama. Lakini gitaa likianza kulia, mkalimani wa nini?

Hao wa kijiweni hawanisumbui. Aliyeniuma ni kaka yangu. Bro ni mtu wa zilipendwa. Mtajie Msondo, Sikinde au Mbaraka Mwinshehe, atakuimbia wimbo mzima mpaka solo anaipiga kwa mdomo. Nilipomsikilizisha Oasis mara ya kwanza, alivumilia nusu dakika tu, kisha akanirudishia simu. "Dogo, hawa ni Beatles. Kopi tupu."

Kasheshe ni kwamba hakukosea.

Oasis walianza mwaka 1991 mjini Manchester, Uingereza. Mwimbaji ni Liam Gallagher, anayeimba mikono ameiweka nyuma, shingo ameinyoosha kama anadai chenji kwa konda mrefu. Mtunzi na mpiga solo ni kaka yake, Noel. Beatles walishasambaratika tangu 1970, lakini hawa ndugu wawili waliwafagilia utadhani wanakutana nao kila jioni. Wimbo wao maarufu, Wonderwall, umechukua jina la filamu ya mwaka 1968 ambayo muziki wake ulitungwa na George Harrison wa Beatles. Piano inayofungua Don't Look Back in Anger inafanana na ile ya Imagine ya John Lennon mpaka unaona aibu kwa niaba yao. Na kama hiyo haitoshi, kuanzia 2004 hadi 2008 aliyewapigia dramu alikuwa Zak Starkey, mtoto wa kumzaa wa Ringo Starr! Hapo jamaa walikopi mpaka damu.

Wakati mwingine ujanja huo uliwatokea puani. Kwa wimbo wa Shakermaker wa mwaka 1994 walidaiwa kwamba wameiba sauti ya wimbo wa zamani, wakaishia kulipa. Mwaka huohuo wakatoa Whatever, na baadaye jina la Neil Innes likabidi liongezwe kwenye orodha ya watunzi. Kinachochekesha ni kwamba huyo Innes naye alipata jina kwa kutunga nyimbo za kuwaigiza Beatles kwa utani! Mwigaji kadai chake kwa waigaji.

Sasa utaniuliza, kama najua yote haya, kwa nini bado nawapenda?

Kwanza, mnionyeshe ambaye hajakopi. Hao Beatles wenyewe, albamu yao ya kwanza ya mwaka 1963 ilikuwa na nyimbo 14, na 6 kati ya hizo zilikuwa za watu wengine, nyingi zikiwa za Wamarekani weusi. Twist and Shout, wimbo uliowapagawisha mabinti wa Kizungu, ulikuwa umeshaimbwa na Isley Brothers mwaka mmoja kabla.

Na turudi hapa nyumbani, maana bro hapa ndipo anapokuwa mbogo. Hizo zilipendwa zake zimetoka wapi? Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba zilifika Kongo. Vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wakazisikia, wakazihamishia kwenye magitaa yao. Bendi za Dar na Morogoro nazo zikawasikia Wakongo, zikaweka Kiswahili na mambo ya kwetu. Na Wakuba, je? Ngoma zao zilivuka bahari na watumwa kutoka huku huku Afrika. Hiyo ndiyo safari ya muziki, wandugu. Ukitafuta mwenye mali utazunguka dunia nzima, urudi mlangoni kwako.

Pili, cha kuazima kinakuwa chako ukikiishi. Akina Gallagher walikulia Burnage, mtaa wa watu wa kawaida, mama yao akiwalea kwa shida. Albamu yao ya kwanza, Definitely Maybe ya mwaka 1994, iliuzwa haraka kuliko albamu ya kwanza ya msanii yeyote aliyetangulia nchini mwao. Mwaka 1996 walijaza uwanja wa Knebworth siku mbili mfululizo, jumla ya watu 250,000. Huwezi kuwadanganya watu wote hao kwa kopi.

Na mwaka 2017 bomu lilipoua watu 22 kwenye onyesho la muziki Manchester, watu walikusanyika uwanja wa St Ann's kunyamaza dakika moja. Kimya kilipokwisha, mama mmoja akaanzisha Don't Look Back in Anger, na umati wote ukaitikia. Ndio uleule wenye piano ya kuazima. Siku ile nani angethubutu kuwaambia kwamba wimbo ule si wao?

Sasa nifike kwenye kidonda changu. Nilikuwa na gitaa la mtumba, nimelinunua kwa jasho la kuuza mashati Karume. Mwenye nyumba alipodai kodi ya miezi sita, bro akaliuza bila kuniambia. Nilipochachamaa nikamrushia neno ambalo sikupaswa. Nilimwambia, "Wewe ni kopi ya baba." Mzee wetu naye alikuwa na tabia ya kuuza vitu vya watu, na bro aliapa tangu utotoni kwamba hatafanana naye. Hakunijibu. Alifungasha mwezi uleule akahamia Mbagala. Mwaka mzima hatujasemeshana.

Wenzetu Noel na Liam waligombana Paris tarehe 28 Agosti 2009, na Noel akasema baadaye kwamba gitaa lake lilivunjwa kwenye ugomvi huo. Bendi ikafa palepale. Ilichukua karibu miaka 16. Tarehe 4 Julai 2025, mjini Cardiff, wakapanda tena jukwaani wameshikana mikono. Niliangalia kipande hicho kwenye simu usiku wa manane, chandarua kimenifunika, machozi yananitoka kama mtoto. Miaka 16! Sisi tutasubiri yote hiyo kwa gitaa la mtumba?

Asubuhi nikapiga.

"Shikamoo, bro."

Kimya. Nasikia daladala zinapita upande wake.

"Marahaba, dogo. Bado unasikiliza zile kopi zako?"

"Bado. Bro, lile neno la baba..."

"Liache. Gitaa lako nadaiwa."

Mpaka naandika haya hajalilipa, na sidhani kama atalilipa leo wala kesho. Lakini Jumapili anakuja kula ubwabwa. Tumekubaliana: wimbo mmoja wa Sikinde, mmoja wa Oasis, zamu kwa zamu. Atakayecheka wimbo wa mwenzake anaosha vyombo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Kama kuna ndugu mmenuniana, mpigie leo. Vocha haifiki bei ya gitaa.