Kabla ya kulipia kitanda Dubai, uliza Ejari ina jina la nani

Vijana wetu wanaotoka Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu kwenda Dubai kutafuta riziki huuliza sana kuhusu viza, mshahara na ajenti. Swali la nyumba huja mwisho, mara nyingi mtu akiwa ameshafika na begi liko begani. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mgeni aliyechoka na asiye na pa kulala hulipa chochote anachoambiwa.

Nimefanya kazi Dubai miaka sita. Nimelala nyumba ya kampuni, nimekodi kitanda Deira, na baadaye nikapanga nyumba kwa jina langu. Nikiambiwa niseme jambo moja tu kuhusu kupanga kule, nitasema hili: sheria ya Dubai inamlinda mpangaji kuliko wengi wetu tunavyodhani, lakini inamlinda yule ambaye jina lake limeandikwa. Asiyeandikwa hukaa kwa huruma ya mtu mwingine.

Njia tatu za kupata makao

Njia ya kwanza ni nyumba ya mwajiri. Sheria ya kazi ya Milki za Kiarabu ya mwaka 2021 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amlipe posho ya nyumba, au posho hiyo iwe ndani ya mshahara. Kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi, ambao kila mmoja analipwa chini ya dirhamu 1,500 kwa mwezi, inalazimika kutoa nyumba. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao ya mwaka 2022, nayo pia inamtaka mwajiri awape mahali panapofaa pa kulala.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi mkataba ukiwa bado huku nyumbani, uliza: nyumba ipo, au ni posho? Tofauti ni kubwa. Dirhamu 2,000 pamoja na nyumba ya kampuni na basi la kwenda kazini zinaweza kukubakishia akiba zaidi kuliko dirhamu 2,500 ambazo ndani yake utatoa kodi na nauli. Dirhamu moja ni kama shilingi 35, basi piga hesabu mwenyewe.

Njia ya pili ni kukodi kitanda, ambacho Wakenya wa kule hukiita bedispesi, au kichumba kilichokatwa kwa mbao ndani ya sebule ya watu, yaani patisheni. Njia ya tatu ni kupanga nyumba nzima kwa jina lako. Wengi wasiopewa nyumba na mwajiri huanza na njia ya pili, kwa sababu ya tatu inahitaji viza ya ukaaji, kitambulisho cha Imarati na, mara nyingi, kitabu cha hundi. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana hana vitu hivyo.

Ejari ni kitu gani?

Sisi watu wa Pwani neno ijara tunalijua. Ejari limetoka kwenye shina hilo hilo la Kiarabu, na maana yake ni "kodi yangu". Ni mfumo wa serikali ya Dubai wa kusajili mikataba ya nyumba, ulioanza mwaka 2010. Sheria nambari 26 ya mwaka 2007, iliyorekebishwa na ile ya nambari 33 ya mwaka 2008, inataka kila mkataba wa kupanga usajiliwe. Ukisajiliwa hutolewa cheti chenye jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, nambari ya nyumba, kodi ya mwaka, na tarehe ya kuanza na kumaliza.

Cheti hicho ndicho ufunguo wa mambo mengine. Bila Ejari huwezi kuunganishiwa maji na stima na shirika la DEWA. Ukitaka kumleta mke au mtoto kwa viza yako, utaulizwa Ejari. Na ukigombana na mwenye nyumba, Kituo cha Migogoro ya Upangaji kilichoundwa mwaka 2013 kitaanza kwa kukuuliza Ejari.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kule Dubai daftari la mpangaji ni Ejari.

Hatari ya kitanda

Biashara ya kitanda huendeshwa hivi. Mtu mmoja, tumwite mpangaji mkuu, anapanga nyumba ya vyumba viwili kwa jina lake. Anaijaza vitanda vya juu na chini, kisha anawakodishia watu kwa mwezi, maji, stima na intaneti zikiwa ndani ya bei. Mgeni anaona ni nafuu, na kweli ni nafuu. Lakini sheria inasema mpangaji haruhusiwi kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Akifanya hivyo, mwenye nyumba anaweza kuomba wote watolewe, yeye na aliowapangisha.

Nilipokuwa Deira, mpangaji mkuu wa nyumba iliyo juu yetu alikusanya kodi ya watu kumi na mmoja, akapanda ndege akarudi kwao. Hundi yake ilipokosa pesa, mwenye nyumba alikwenda Kituoni akapata amri ya kuichukua nyumba yake. Wale watu kumi na mmoja walikuwa wamelipa, lakini hakuna aliyekuwa na risiti, na hakuna jina lao lililokuwa mahali popote. Sheria inampa aliyepangishwa hivyo haki ya kudai fidia kwa yule aliyempangisha. Haki hiyo ingewafaa nini, na mdaiwa yuko nchi nyingine?

Kuna jingine zito zaidi. Aprili 2023 moto katika jengo moja la Al Ras, huko huko Deira, uliua watu 16. Idara ya Ulinzi wa Raia ilisema uchunguzi wa awali ulionyesha masharti ya usalama wa jengo hayakufuatwa. Juni 2025 Manispaa ya Dubai na taasisi nyingine zilianza msako wa patisheni zisizo na kibali katika mitaa kama Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa, Al Barsha na Al Raffa. Patisheni zikibomolewa, aliyelala ndani hutafuta pengine siku hiyo hiyo.

Simwambii mtu asikodi kitanda, maana kwa wengi hakuna njia nyingine ya kuanzia. Ninachosema ni kwamba kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa:

Mwombe mpangaji mkuu akuonyeshe cheti cha Ejari. Angalia kama jina ni lake na kama tarehe haijapita. Asiyetaka kukionyesha ameshakujibu.

Muulize kama mwenye nyumba ameruhusu, na kama atakusajili kuwa mkaaji mwenza. Tangu mwaka 2022 Dubai inataka kila anayeishi katika nyumba asajiliwe kupitia programu ya simu iitwayo Dubai REST. Usajili huu haukufanyi mpangaji, lakini unakuondoa gizani.

Lipa kwa benki, au upewe risiti yenye jina, tarehe, kiasi na mwezi unaolipia. Usilipe miezi mitatu kwa pamoja hata ukipunguziwa bei.

Tazama dirisha na njia ya kutokea. Ukiona mlango wa dharura umewekewa kabati au kitanda, ondoka.

Usimwachie mtu pasipoti yako kuwa dhamana ya kodi. Kopi inatosha.

Na kabisa usitume dipoziti kwa simu ukiwa bado Mombasa kwa sababu ya picha nzuri uliyoiona Facebook au kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya nyumba si nyumba. Ajenti wa nyumba anayetambuliwa Dubai ana kadi na nambari ya usajili, na unaweza kuihakiki kwa programu hiyo hiyo ya Dubai REST.

Nyumba kwa jina lako

Hapa kwetu ukitaka chumba Kisauni au Likoni, unaongea na keyateka, unalipa kodi ya mwezi na dipoziti, unaingia. Kule bei hutajwa kwa mwaka, na kodi hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Hundi zikiwa chache, bei hushuka kidogo.

Tuchukue mfano wa bedsita ya dirhamu 48,000 kwa mwaka, kwa hundi nne. Hundi ya kwanza ni 12,000. Dipoziti kwa nyumba isiyo na fanicha kwa kawaida ni asilimia 5, yaani 2,400. Yenye fanicha huwa asilimia 10. Ajenti huchukua kama asilimia 5, na ukiongeza ushuru wa VAT inafika 2,520. Dipoziti ya DEWA kwa nyumba ya ghorofa ni 2,000. Ejari ni kama 220. Jumla ni dirhamu 19,140, yaani karibu shilingi 670,000, na hujanunua hata godoro.

Halafu kila mwezi ndani ya bili ya DEWA utakuta ada ya nyumba ya manispaa. Hiyo ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12. Kwa mfano wetu ni dirhamu 200 kila mwezi, juu ya maji na stima. Wengi hushtuka wakiiona mara ya kwanza.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila pembe: ukuta uliopasuka, bomba linalovuja, kiyoyozi kibovu. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo. Sheria inasema utarudisha nyumba katika hali uliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida, na dipoziti yako irudishwe. Picha ndizo zitakazosema hali uliyoikuta ni ipi.

Kazi ikiisha kabla ya mkataba

Jambo hili ndilo linalomtenga mfanyakazi mgeni na mpangaji mwingine. Viza yako imefungwa kwenye kazi, lakini mkataba wa nyumba umefungwa kwenye mwaka. Ukiachishwa kazi mwezi wa tano, hundi zako mbili bado ziko kwenye kabati la mwenye nyumba. Sheria haikuruhusu kuvunja mkataba peke yako kabla ya muda wake kuisha. Ni lazima mkubaliane.

Kwa hivyo kubalianeni mapema, kabla ya kutia sahihi. Omba kifungu kiandikwe kwamba ukipoteza kazi unaweza kuondoka kwa kutoa notisi na kulipa fidia inayojulikana. Fidia ya kodi ya miezi miwili ni jambo la kawaida kule. Mwenye nyumba akikataa, angalau unajua unaingia wapi.

Kuhusu hundi, sheria ilibadilika Januari 2022. Hundi kurudi kwa sababu tu ya kukosa pesa si jinai kama zamani. Lakini usilale. Mwenye nyumba anaweza kuipeleka moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji ili alipwe bila kufungua kesi mpya. Na ukifunga akaunti kwa makusudi au ukiiamuru benki isilipe kwa hila, bado ni jinai. Ukiona pesa hazitatosha, zungumza na mwenye nyumba kabla ya tarehe ya hundi.

Kodi kupandishwa na kufukuzwa

Hapa ndipo mwenye Ejari huona faida. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi katikati ya mkataba. Akitaka kupandisha wakati wa kuuhuisha, ni lazima akuarifu siku 90 kabla haujaisha, na kiwango kimewekwa na amri nambari 43 ya mwaka 2013. Kodi yako ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu, haipandi. Ikiwa chini kwa asilimia 11 hadi 20, itapanda kwa 5 tu. Kwa 21 hadi 30, itapanda kwa 10. Kwa 31 hadi 40, itapanda kwa 15. Na ikizidi hapo, mwisho ni 20. Wastani huo unauangalia mwenyewe katika kikokotoo cha serikali, bure.

Akitaka utoke ili auze nyumba au akae mwenyewe, ni lazima akupe notisi ya miezi 12 kupitia ofisi ya mthibitishaji wa serikali au barua ya rejista. Ujumbe wa WhatsApp wa "toka mwisho wa mwezi" si notisi. Akikusumbua, Kituo hutoza asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka kufungua kesi, na kima cha chini ni dirhamu 500.

Haya yote ni ya Dubai. Abu Dhabi wana usajili wao uitwao Tawtheeq, Sharjah mikataba huthibitishwa na manispaa, na Saudia wana Ejar. Majina ni tofauti, lakini swali la kuuliza ni lile lile: mkataba umesajiliwa, na kwa jina la nani?

Nawaomba wazazi walisikie hili pia. Familia nyingi hapa Pwani huuza kiwanja au ng'ombe ili kumlipa ajenti wa kazi, kisha mtoto hupanda ndege na nauli ya teksi tu mfukoni. Kama mkataba wa kazi hauna nyumba, tengeni kodi ya kitanda ya miezi miwili, isiguswe mpaka afike. Kijana mwenye pesa ya kulala ana nafasi ya kuomba Ejari, kukagua mlango wa dharura na kukataa. Asiye nayo atalala atakapoambiwa.