Ukuta kama Matini: Ziara ya Baiskeli na Maandishi ya Ukutani Jijini Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Maandishi na michoro iliyo kwenye kuta za jiji ni matini ambazo wakazi huzisoma kila siku bila kukusudia kusoma. Mtu anayekwenda sokoni hakutoka nyumbani ili asome, lakini hadi anafika amekwisha kuonywa, kukaribishwa, kukatazwa na kutangaziwa mara nyingi. Taaluma ya isimu-jamii imelipa eneo hili jina la mandhari-lugha, hasa baada ya makala ya Landry na Bourhis ya mwaka 1997, ambayo ilielekeza macho ya wanaisimu kwenye vibao vya barabara, majina ya mitaa, mabango na maandishi ya maduka. Tafiti nyingi zilizofuata zilishughulika na kuhesabu: ni lugha ngapi zinaonekana, ipi imeandikwa juu na ipi chini, ipi kwa herufi kubwa na ipi kwa herufi ndogo.

Kuhesabu kuna manufaa yake. Hata hivyo, katika jiji kama Dar es Salaam, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaa, hesabu ya lugha haifiki mbali. Maswali yenye uzito zaidi ni matatu: nani ameandika, anamwambia nani, na ana haki gani juu ya ukuta ule. Mhadhara huu unayafuata maswali hayo kwa njia ya ziara ya baiskeli ya kikundi, inayoanzia Oysterbay, kupita Msasani na Mikocheni, kisha Mwananyamala na Magomeni, na kuishia Kimara kwa Barabara ya Morogoro. Hoja yake ni kwamba ukuta si karatasi tu ya kubebea maneno. Ukuta ni sehemu ya sarufi ya maneno hayo, na anayeyanukuu maneno akauacha ukuta amenukuu nusu ya sentensi.

2.0 Baiskeli kama chombo cha utafiti

Aliye ndani ya gari husoma yale yaliyoandikwa kwa ajili ya wenye magari, yaani mabango makubwa ya biashara yanayoonekana kwa mbali. Vichochoro haviingii, na hata akiona neno la kushangaza hawezi kusimama bila kupigiwa honi. Atembeaye kwa miguu husoma kila kitu, lakini asubuhi nzima huishia katika mtaa mmoja au miwili, na hivyo hapati nafasi ya kulinganisha. Mwendesha baiskeli yuko kati ya hao wawili. Huvuka mitaa ya matajiri na ya maskini katika asubuhi moja, hupita penye njia ya mguu, na huweza kuweka mguu chini wakati wowote.

Ziara za vikundi za baiskeli zinazopita mitaa ya ndani si jambo geni jijini. Kwa madhumuni ya taaluma, kundi la watu wanane au kumi linatosha. Mmoja hutangulia, mmoja hufunga msafara, na waliobaki hufuatana kwa mstari mmoja. Asubuhi ya Jumapili ndiyo yenye nafuu, kabla jua halijakolea na magari hayajawa mengi. Faida ya kundi si usalama peke yake. Wasomaji kumi mbele ya ukuta mmoja mara chache hukubaliana kuhusu anayeambiwa, na katika kutokubaliana huko ndimo uchambuzi unamoanzia.

3.0 Oysterbay hadi Mikocheni: picha inayoita

Ziara huanza kwenye kituo cha wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, ambako ukuta haujawa mada bado, lakini rangi tayari ni mada. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya mbao laini za kujengea, akitumia rangi ya mafuta inayong’aa, ya aina iliyotumika kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora, lakini mtindo wake uliendelezwa na wanafunzi wake hadi ukawa sura ya sanaa ya Tanzania machoni pa wageni. Kwa msomaji wa lugha, inatosha kukumbuka kwamba neno tingatinga lilikuwa na maana nyingine nje ya jina la mtu: ni mashine nzito ya kulimia au kubomolea. Maana hiyo itarudi mwishoni mwa safari.

Kutoka hapo kundi hupita Msasani hadi Mikocheni, kilipo kituo cha sanaa cha Nafasi, kilichoanzishwa mwaka 2008. Hapa kuta zenyewe zimegeuzwa turubai. Kwa wachoraji wa kizazi hiki, mojawapo ya majina yanayofahamika ni Wachata, kundi la wachoraji wa ukutani lililochipuka jijini katika muongo wa 2000. Jina hilo lina funzo la mofolojia. Chata ni neno ambalo kamusi hulifafanua kuwa alama ya biashara, na vijana wa mjini hulitumia kwa maana ya alama au saini ya mtu. Kiambishi wa- kimewekwa moja kwa moja kabla ya nomino, bila kitenzi, kama katika Wazaramo au Wabantu. Waliojiita hivyo hawakusema kwamba wanachora. Wamejitambulisha kama kabila la watu wa alama.

Kati ya Msasani na Mikocheni ziko pia picha za namna nyingine, ambazo hazimo katika vitabu vya sanaa: kichwa chenye mtindo wa nywele kilichochorwa mlangoni mwa kinyozi, sahani ya wali na samaki kwenye kibanda cha mama lishe, tairi na pampu kwa fundi baiskeli. Picha hizi zinafanya kazi ambayo maneno yangeweza kuifanya, lakini zinamfikia pia asiyejua kusoma na aliye na haraka. Pamoja na michoro ya Nafasi, zina sifa moja ya kipragmatiki: zote zinamwita mpita njia asogee. Mwenye ukuta na mwenye ujumbe ama ni mtu mmoja, ama wamepatana.

4.0 Mwananyamala hadi Magomeni: neno linalozuia

Nyumba zikianza kukaribiana, picha hupungua na maneno huongezeka. Mengi ya maneno hayo ni ya kukanusha. La kawaida kabisa ni USIKOJOE HAPA. Kisarufi hii ni dhamira tegemezi yenye ukanushi, na kiambishi u- kinamlenga msikilizaji mmoja. Mwandishi hakusema “msikojoe”, ingawa wapitao ni wengi, kwa kuwa kosa lenyewe hufanywa na mtu mmoja mmoja, naye anasomewa onyo akiwa peke yake. Linganisha na NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA, pengine na kiasi cha faini chini yake. Hapa msikilizaji ametoweka, na badala ya jirani anayekasirika inasikika sauti ya ofisi. Ukuta wa mtu binafsi unapoazima lugha ya serikali, unaazima pia mamlaka ambayo mwenyewe hana.

Tungo inayostahili kusimamiwa kwa muda mrefu zaidi ni ile ya NYUMBA HII HAIUZWI, ambayo mara nyingi hufuatwa na OGOPA MATAPELI. Kwa mgeni ni taarifa isiyo na maana, kwa sababu nyumba nyingi haziuzwi na hakuna anayejisumbua kuzitangaza hivyo. Lakini kila ukanushi una kauli unayoijibu. Anayeandika kwamba nyumba haiuzwi anajua kwamba mahali fulani kuna mtu aliyesema inauzwa: dalali asiyetumwa, tapeli mwenye hati ya kughushi, au ndugu wa damu. Maandishi hayo ni upande mmoja wa mazungumzo ambayo upande wake wa pili haukuandikwa popote.

Umbo la kitenzi linathibitisha hilo. Katika ha-i-uz-w-i kuna kauli ya kutendwa, na mtenda ametoweka. Mwandishi angeweza kusema “siuzi nyumba hii”, lakini nafsi ya kwanza ingelazimisha swali: wewe ni nani? Katika nyumba ya mirathi, yenye warithi kadhaa ambao hawajagawana, hakuna awezaye kutamka “si-” bila kupingwa na wenzake. Kauli ya kutendwa inawaruhusu wote kusimama nyuma ya ukuta mmoja. Wakati nao umechaguliwa kwa uangalifu. “Haijauzwa” ingefungua mlango wa kuuzwa kesho. “Haitauzwa” ingekuwa ahadi, na ahadi huvunjwa. “Haiuzwi” haina mwanzo wala mwisho. Aidha, mwandishi hakusema “haiuziki”, kwa kuwa anafahamu vema kwamba inauzika, na hilo ndilo analoliogopa.

Wakati mwingine nafasi ni ndogo na neno limebaki moja tu: HAIUZWI. Hapa ndipo ukuta unapofanya kazi ya kiima. Msomaji hujaza “nyumba” kwa sababu neno limeandikwa kwenye nyumba, na kiambishi i- kinakubaliana na ngeli yake. Kwenye uzio wa mahali patupu, neno hilohilo huja kwa sura ya HAKIUZWI, na mpita njia anajua kwamba ndani kuna kiwanja. Likiwa HALIUZWI, ni shamba au eneo. Upatanisho wa kisarufi peke yake umemwambia kilicho nyuma ya ukuta asiouweza kuchungulia. Neno hilo likinakiliwa daftarini na kuletwa darasani, habari hiyo yote hupotea.

5.0 Barabara ya Morogoro: alama inayohukumu

Kuanzia Magomeni, kundi hushika Barabara ya Morogoro kupitia Manzese na Ubungo hadi Kimara. Hapa inafaa kuzungumzia alama ambayo wakazi wengi wa jiji wanaifahamu kuliko mchoro wowote wa msanii: alama ya X, mara nyingi pamoja na neno BOMOA.

Katika daftari la mwanafunzi X humaanisha kosa. Ukutani inamaanisha kwamba nyumba yenyewe ni kosa, kwa sababu imo katika hifadhi ya barabara. Rangi yake ina maana pia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waliojikuta ndani ya nyongeza hiyo waliwekewa X ya kijani, iliyoashiria haki ya fidia; waliokuwa ndani ya mpaka wa zamani waliwekewa X nyekundu, isiyo na fidia. Tofauti ambayo katika matini nyingine ingehitaji aya nzima ya kisheria imebebwa na kopo la rangi.

Neno BOMOA ni amri ya umoja, na lina mapengo mawili. Kwanza, halina kiambishi cha mtendwa. Haikuandikwa “ibomoe”, kwa kuwa ukuta wenyewe ndio mtendwa, na brashi imekwisha kuugusa. Pili, halisemi anayeamriwa. Kwa kawaida mwenye nyumba hupewa muda wa kubomoa mwenyewe, na katika muda huo amri inamhusu yeye. Muda ukipita, neno lilelile, bila kuongezwa wala kupunguzwa herufi, linamwelekea dereva wa tingatinga. John Austin, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alieleza kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda. Hapa upo usemi mmoja unaotenda mara mbili, kwa wasikilizaji wawili, kwa tarehe mbili.

Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara hii, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa ili kupisha upanuzi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, X zilikuwa zimeonekana na nyumba zimevunjwa katika Bonde la Msimbazi. Wakazi walioguswa na mambo hayo hawakusema tu kwamba nyumba zao zimepigwa X. Walisema “tumewekewa X”. Katika -wek-e-w-a kuna kauli ya kutendea na ya kutendwa pamoja, na muungano huo unamtoa mtu aliyeathirika pembezoni mwa sentensi na kumweka mahali pa kiima. Alama imewekwa ukutani, lakini sarufi ya wakazi inasisitiza kwamba imewekwa kwa watu.

Ulinganisho na HAIUZWI sasa unajitokeza. Tungo zote mbili zimeandikwa kwenye nyumba za watu, zote hazimtaji mwandishi wake, na zote zinahusu kupoteza makazi. Lakini ya kwanza imeandikwa na mwenye ukuta anayejaribu kubaki, na ya pili imeandikwa na mwingine juu ya ukuta usio wake. Mwenye nyumba anaweza kuifuta HAIUZWI wakati wowote. X akiifuta, hukumu inabaki palepale.

6.0 Hitimisho

Ziara ya namna hii humpitisha mwanafunzi katika hatua tatu: kutoka picha inayomwita mtu, hadi neno linalomzuia, hadi alama inayomwondoa. Katika kila hatua uhusiano wa mwandishi na ukuta umebadilika, na sarufi imebadilika nao. Ndiyo maana maandishi ya ukutani hayafai kukusanywa kama methali zinavyokusanywa, orodha ya maneno bila mahali.

Kwa watakaoendeleza kazi hii, kuna mambo machache ya kuzingatia. Kila picha inayopigwa iandikiwe tarehe, mtaa, aina ya jengo, rangi, na upande ambao maandishi yanatazama, barabarani au uchochoroni. Wakazi waulizwe nani aliandika na lini, kwani ukuta hupakwa rangi upya na ushahidi hupotea. Nyumba iliyowekewa X isipigwe picha kabla ya kubisha hodi na kupata ruhusa, kwa sababu kinachoonekana kwa mtafiti kama data nzuri ni, kwa aliye ndani, barua ya kufukuzwa. Na baada ya mwaka mmoja njia ileile ipitwe tena kwa baiskeli. Orodha ya kuta zilizobaki, zilizopakwa upya na zisizokuwapo tena itakuwa matokeo ya utafiti kwa haki yake yenyewe.